Kununua Zawadi za Krismasi Nairobi Ukiwa na Watoto na Siku Zimekwisha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mzazi au mlezi wa Nairobi aliyeshikwa na kazi hadi wiki ya Krismasi, ambaye sasa anatakiwa kutafuta zawadi akiwa na mtoto mmoja mkononi na mwingine nyuma. Yanahusu siku chache za mwisho kabla ya tarehe 25 Desemba, ingawa mengi yatamfaa pia anayejiandaa kwa Idi.

Nimebakiwa na siku mbili na sijanunua hata zawadi moja. Nianzie wapi?

Anzia nyumbani, kabla hujavaa viatu. Waite watoto, chukueni karatasi, kisha mwandike majina ya watu, si majina ya vitu: nyanya, babu, shangazi mtakayekula naye siku ya Krismasi, binamu, dada wa kazi, mlinzi wa geti. Orodha ya vitu haina mwisho, kwa sababu kila duka litaiongezea kitu, lakini orodha ya watu huisha. Mkishamaliza kuiandika, wapeni nafasi ya kwanza wale mtakaoonana nao ana kwa ana wiki hiyo; wengine wanaweza kupigiwa simu, na zawadi zao zikafuata.

Jambo la pili ni fedha, na hapa naomba nisisitize. Kabla hujapanga fedha za zawadi, toa kwanza za Januari. Shule hufunguliwa mapema mwezi huo, na karo, sare, viatu na madaftari havitasubiri mshahara wa mwisho wa mwezi. Si bure watu wakauita mwezi huo Njaanuari. Weka fedha hizo mahali ambapo huwezi kuzitoa kwa kubonyeza simu ukiwa dukani. Kiasi kinachobaki, hata kikiwa kidogo, ndicho cha zawadi, na ni vyema watoto wenye umri wa kwenda shule wakiambiwa ni shilingi ngapi. Mtoto anayejua kwamba zawadi ya babu ina shilingi 500 hufanya hesabu mwenyewe na kulinganisha bei. Asiyejua chochote huona tu kwamba mzazi ana pesa na anamnyima.

Si ingekuwa rahisi kuwaacha watoto nyumbani?

Kwa ununuzi fulani, ndiyo. Ukienda soko la Gikomba kutafuta nguo, au ukienda kununua zawadi ambazo watoto wenyewe hawapaswi kuziona, waache na mtu unayemwamini. Lakini Desemba shule zimefungwa kwa wiki kadhaa, dada wa kazi mara nyingi ameshasafiri kwao, na majirani nao wako mbioni, hivyo kwa familia nyingi swali hili halina jibu la kuchagua.

Hata pale ambapo unaweza kuchagua, naamini safari moja fupi ya kununua zawadi inafaa kufanywa pamoja na mtoto, ilimradi amepewa kazi ya kweli. Namaanisha kazi ambayo isipofanywa, zawadi haipatikani: huyu anashika orodha na kuweka alama, yule anamchagulia babu. Mtoto aliyekuja kusindikiza tu huchoka baada ya nusu saa na kuanza kuomba vitu, ilhali mwenye kazi huvumilia kwa sababu anataka kuiona imekamilika.

Twende wapi?

Nendeni mahali pamoja, au pawili panapofikika kwa miguu. Kosa linalowachosha watoto kuliko yote ni kuzunguka kutoka Westlands hadi katikati ya jiji, kisha Eastleigh, huku msongamano wa Desemba ukiwafungia ndani ya matatu kwa saa nzima. Iangalie orodha yenu, mwone wengi walio ndani yake wanahitaji vitu vya aina gani, na hilo liwaamulie mahali.

Ikiwa orodha ina wanawake wazima na watoto wachanga, Mtaa wa Biashara utawatosheleza: kuna leso, vikoi, vitambaa, mablanketi na nguo za watoto, maduka yamepangana, na mtaa si mrefu. Ukitoka hapo, Soko la Jiji la Mtaa wa Muindi Mbingu liko karibu, lina vinyago, vikapu na vitu vya sanaa, na Bustani ya Jeevanjee iko hatua chache kwa ajili ya kukaa chini na kula.

Kwa shanga, viondo, makubadhi na mashuka ya Kimaasai, Soko la Maasai ni zuri, ila kumbuka kwamba huhama kulingana na siku ya juma. Jumamosi na Jumapili huwa katikati ya jiji, kwenye maegesho ya magari karibu na majengo ya Mahakama ya Juu, na Ijumaa huwa Village Market kule Gigiri. Bei ya kwanza utakayotajiwa ni mwanzo wa mazungumzo tu. Mtoto akiwepo, mwambie mapema asionyeshe kwamba amekipenda kitu kabla hamjapatana bei, kwani muuzaji atamsoma usoni.

Eastleigh ni chaguo zuri kwa nguo mpya, viatu, manukato na mazulia kwa bei ya chini kuliko ya maduka mengi ya katikati ya jiji. Maduka yako ndani ya majengo ya ghorofa, kwa hiyo mvua za vuli zikichelewa kuisha hamtalowa. Vilevile, kwa kuwa wafanyabiashara wengi wa huko ni Waislamu, biashara haifungwi mapema mkesha wa Krismasi kama inavyofungwa kwingineko. Ugumu uko nje: barabara imejaa, magari na mikokoteni inagombania nafasi, na mtoto mdogo anapaswa kubebwa au kushikwa mkono muda wote.

Gikomba ina nguo za mitumba nzuri kuliko mahali pengine popote nchini, na anayefika asubuhi belo zinapofunguliwa hupata zile za daraja la kwanza ambazo wauzaji huziita kamera. Hata hivyo njia zake ni nyembamba mno kwa watoto wiki ya Krismasi. Wakazi wa Kibera, Ngong Road na Woodley wana soko la Toi, ambalo ni dogo na rahisi zaidi kupita.

Maduka makubwa kama Sarit, Garden City, Yaya au Two Rivers yana vyoo safi, walinzi na mahali pa kukaa, na kwa mwenye mtoto wa miaka miwili mambo hayo matatu huenda yakafidia bei ya juu. Tahadhari yangu ni moja tu: huko kuna michezo ya kulipia karibu kila ghorofa, hivyo amueni nyumbani kama watoto watacheza au hawatacheza, na kama watacheza, iwe mwisho wa ununuzi.

Tuondoke saa ngapi?

Mapema iwezekanavyo, watoto wakiwa wamekunywa chai na kula mandazi au mkate. Kabla ya saa nne asubuhi wauzaji wana subira, mtoto anaweza kugusa vitu, na yule wa kwanza kununua mara nyingi hupunguziwa bei. Mkiwa na mtoto aliye chini ya miaka sita, panga saa mbili au tatu za kutembea, si zaidi. Saa tisa alasiri iwakute mko njiani kurudi, maana jioni foleni za steji hurefuka, nauli hupanda, na mvua ikinyesha hupanda tena.

Mtoto anataka kumchagulia nyanya yake zawadi. Nimsaidieje bila kumchagulia mimi?

Muulize maswali kuhusu nyanya, si kuhusu duka. Nyanya huamka akifanya nini? Huketi wapi jioni? Hulalamikia baridi au jua? Ni kitu gani chake kimechakaa? Watoto huona mambo ambayo watu wazima hawayaoni, na mtoto aliyelala chumba kimoja na nyanya yake likizo ya Agosti anajua kama blanketi lake ni jembamba au kama sufuria ya chai imetoboka.

Leso ni zawadi ambayo watoto huipenda kuchagua, kwa sababu ina maandishi. Mtoto anayejua kusoma asimame mbele ya leso zilizotundikwa na asome methali moja baada ya nyingine kwa sauti, hadi apate ile anayotaka kumwambia nyanya yake. Msimame naye mkisoma. Baadhi ya maandishi ya leso ni mafumbo ya wake wenza na majirani waliokosana, na yasiposomwa vizuri mjukuu anaweza kumpelekea nyanya maneno ya kumsuta. Maneno kama "Nani kama mama" hayana hatari hiyo. Kumbuka pia kwamba leso huuzwa mbili zikiwa zimeshikana, na zinahitaji kukatwa na kupindwa. Mafundi wenye cherehani hupatikana karibu na maduka ya vitambaa na hufanya kazi hiyo mkisubiri.

Kwa babu, watoto huchagua kofia, tochi, redio ndogo au kikombe kikubwa. Mtoto akichagua kitu ambacho wewe unakiona hakifai, mpe sababu moja na umwache aamue tena. Ukimkatalia mara tatu mfululizo, zawadi imekuwa yako, na yeye atajua.

Na dada wa kazi?

Awe miongoni mwa majina ya kwanza kwenye orodha, na zawadi yake inunuliwe kabla hajasafiri, si baada ya kurudi Januari. Watoto ndio wanaofaa kumchagulia, kwa kuwa ndio anaoshinda nao. Zawadi hiyo isichukue nafasi ya mshahara wake wala nauli. Mshahara na nauli ni haki yake. Mlinzi wa geti anayewauliza "Krismasi yangu iko wapi?" naye anaweza kupewa kifurushi cha sukari, majani chai na unga wa ngano, kikabidhiwe na mtoto kwa mikono miwili.

Nitawanunulia watoto wangu vipi zawadi zao ikiwa ninatembea nao?

Kwa familia nyingi zawadi kubwa ya Krismasi ni nguo na viatu vipya, na hivyo havihitaji siri: mtoto ajaribu mwenyewe, akiwa amesimama na soksi mguuni. Ikiwa unanunua bila yeye, pima mguu wake kwa uzi kutoka kisigino hadi kidole kirefu, ukate uzi hapo, uubebe, na uuingize ndani ya kiatu. Uache nafasi ya upana wa kidole gumba mbele. Viatu vyeusi vya ngozi vitavaliwa kanisani tarehe 25 na shuleni Januari, na hakuna aibu yoyote katika hesabu hiyo.

Zawadi ya siri, kama mpira, kitabu cha hadithi, kamba ya kuruka au rangi za kuchorea, inaweza kununuliwa na mtu mzima mwingine mkiwa dukani pamoja: mmoja akae na watoto sehemu ya viatu, mwingine apande ghorofa nyingine. Kuhusu vitabu, duka la Text Book Centre lina tawi Sarit na jingine Mtaa wa Kijabe, na wauzaji wa vitabu vilivyotumika hupanga mali yao kando ya barabara za katikati ya jiji kwa bei ambayo mtoto anaweza kuilipa kwa akiba yake. Ningependa kila mtoto wa jiji hili apate angalau kitabu kimoja ambacho si cha mtihani.

Nitajuaje kama kitu cha kuchezea ni salama?

Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, angalia kwanza ukubwa wa vipande. Kitu chochote kinachoweza kupita ndani ya bomba la karatasi ya choo kinaweza kumkaba. Vuta macho ya mdoli, magurudumu ya gari na vifungo. Kipande kikinyofoka mkononi mwako, kitanyofoka pia mdomoni mwake. Baluni na vipande vya baluni iliyopasuka ni hatari zaidi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu huganda kooni.

Hatari kubwa kuliko zote ni betri ndogo za duara, zile bapa zinazong'aa kama sarafu, ambazo huwekwa kwenye vitu vinavyowaka taa au kuimba. Ikimezwa na kukwama kooni, betri hiyo inaweza kuunguza nyama za koo ndani ya saa mbili, hata kama mtoto haonekani kuumia. Nunua tu kitu ambacho kifuniko cha betri kimefungwa kwa skrubu, na ikiwa kifuniko kinafunguka kwa ukucha, kirudishe mezani hata kama mtoto amekwisha kukipenda. Ukishuku kwamba mtoto amemeza betri, usimtapishe wala usisubiri asubuhi. Mpeleke hospitali papo hapo.

Kwa bidhaa zenye alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, unaweza kuthibitisha kibali kwa kutuma herufi SM, alama ya # na nambari ya kibali kwenda 20023.

Nifanye nini ili mtoto asipotee, na akipotea?

Kabla ya kutoka, mpige mtoto picha kwa simu akiwa amevaa nguo za siku hiyo, ili ukiulizwa alivaa nini usibabaike. Mvishe rangi inayoonekana kwa mbali. Andika nambari mbili za simu kwenye karatasi na uiweke mfukoni mwake, na umfundishe jina lako kamili, kwani watoto wengi wanajua tu kwamba mama yao anaitwa Mama.

Mpe kanuni moja rahisi: akikukosa, asimame pale pale alipo. Mtoto anayetembea kumtafuta mzazi huku mzazi naye anatembea kumtafuta hupishana naye kila kona. Akikaa muda mrefu bila kukuona, amwendee mama mwenye watoto, muuzaji aliye dukani mwake au mlinzi aliyevaa sare, asitoke nje ya jengo na mtu yeyote. Wakubwa kidogo wanaweza kuwa na mahali pa kukutania panapojulikana na kila mtu. Sanamu ya Tom Mboya mbele ya Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka, Barabara ya Moi, inafaa kwa kuwa hata mpita njia mgeni ataielekeza.

Akipotea, waambie walinzi wa jengo mara moja ili milango iangaliwe, kisha ripoti kituo cha polisi kilicho karibu. Hakuna sharti la kusubiri saa 24. Nambari 116 ya huduma ya simu ya watoto hupigwa bila malipo, mchana na usiku.

Mtoto akianza kulilia kitu dukani?

Angalia kwanza kama ana njaa, kiu au usingizi, maana mara nyingi kinacholiliwa si kile kitu. Ikiwa ameshiba na bado analia, chuchumaa umwangalie machoni na umwambie kwa sauti ya chini, "Leo tunamnunulia nyanya." Usimwahidi kitu ambacho hutanunua, wala usimtishe kwa polisi au mlinzi; tumetoka kumfundisha kwamba mlinzi ndiye wa kumkimbilia akipotea. Kilio kikizidi, tokeni nje kwa dakika chache. Watu wataangalia, nao watasahau.

Nilipe kwa M-Pesa au kwa fedha taslimu?

Kwenye masoko yenye msongamano, simu na kibeti vyote hushawishi wezi, na mwenye mtoto ana mkono mmoja tu wa kuvilinda. Beba fedha taslimu kidogo za nauli, choo na vitu vidogo, nyingine ulipe kwa simu ukiwa ndani ya duka, si barabarani. Soma jina la biashara kabla ya kukamilisha malipo, hasa pale nambari ya till imebandikwa ukutani na karatasi nyingine juu yake. Ukituma kimakosa, peleka ujumbe wa muamala huo kwenda 456 haraka, kabla aliyepokea hajazitoa.

Tunasafiri kwenda mashambani. Ninunue Nairobi au nikifika?

Vitu vizito, yaani sukari, unga, mafuta ya kupikia, mchele na soda, vinunuliwe katika mji ulio karibu zaidi na nyumbani. Nauli za kwenda mashambani hupanda sana kuanzia wiki ya Krismasi, mizigo hutozwa, na mzazi anayehama kutoka gari moja hadi jingine akiwa na watoto wawili hawezi pia kubeba mfuko wa kilo kumi. Nairobi nunua vile visivyopatikana huko au vilivyo nafuu hapa: leso, nguo, viatu, vitabu, redio. Mkate ni jambo la pekee. Wazee wengi bado wanasubiri mkate wa Nairobi, nao ni mwepesi, beba.

Mizigo inayotumwa kupitia ofisi za mabasi za River Road na Accra Road hurundikana siku za mwisho, kwa hiyo kifurushi cha kutumwa kiondoke kabla ya tarehe 22.

Sisi husherehekea Idi. Je, ushauri ni huo huo?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo, isipokuwa kwamba Idi hufuata mwandamo wa mwezi na hakuna anayejua kwa hakika kama Ramadhani ina siku 29 au 30. Ununuzi wa usiku wa mwisho ni jambo la kawaida, na Eastleigh hukesha. Nguo za watoto, hasa za kushonwa, ziagizwe katikati ya mwezi, kwani fundi akielemewa huahidi wote. Ukiwatoa watoto baada ya sala ya usiku ya tarawehe, wawe wamelala mchana.

Duka limeandika kwamba bidhaa zikishauzwa hazirudishwi. Nikikuta kitu kimeharibika?

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaostahili, na maandishi ya ukutani hayaiondoi haki hiyo. Omba risiti, uihifadhi, na ujaribu kila kitu kinachotumia umeme au betri hapo hapo kaunta. Nguo isiyomtosha mtoto ni suala jingine: kubadilishiwa ni hisani ya muuzaji, kwa hiyo muulize kabla ya kulipa.

Ni lazima kununua karatasi za kupambia zawadi?

Hapana. Gazeti, kalenda ya mwaka unaoisha iliyogeuzwa upande mweupe na kuchorwa na watoto, au kipande cha kitenge vinatosha. Bebeni kikapu au kiondo chenu kutoka nyumbani, kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Agosti 2017 na mifuko mbadala hulipiwa.

Ni mkesha wa Krismasi, saa kumi jioni, na bado hatujanunua kitu. Tufanye nini?

Msiende katikati ya jiji. Nendeni supamaketi iliyo karibu na mtaa wenu, mkiwa na orodha iliyokatwa hadi majina manne au matano, mnunue vitu vya kuliwa au kutumiwa nyumbani: blanketi, chupa ya chai, kilo mbili za mchele mzuri, sabuni ya kuogea, boksi la biskuti kwa binamu. Mmoja wenu akae kwenye foleni ya kulipa tangu mwanzo wakati mwingine anakusanya vitu na mtoto mkubwa. Kwa nyanya aliye mbali, tuma fedha kwa simu usiku huo, kisha umpigie na umpe mtoto simu, yeye mwenyewe ndiye amwambie zimetumwa na ni za nini.